Mjukuu, kitukuu, kilembwe... historia ya Datalog

Umbea wa bwenini leo hakuna, niliahidi kitu cha shule na leo ndiyo leo. Ni kirefu kidogo, kwa hiyo tafuteni kahawa na kashata kwanza.

Kila kozi ya mantiki inapoanza chuoni, swali vimbwetani ni lile lile: "Hii kitu tutakuja kuitumia wapi?" Watu wanameza madesa, wanafanya mtihani, wanasahau. Mimi swali hilo siliogopi, maana kuna watu wazima, maprofesa wenye majina, waliulizwa hivyo hivyo mbele za watu na jibu wakakosa kwa miaka mingi. Kisa chao ndicho ninachotaka kuwapa. Kinahusu lugha za kuulizia hifadhidata (wengine mnaita kanzidata, sawa tu) ambazo zimejengwa juu ya mantiki, na hasa moja inayoitwa Datalog.

Tuanze na ukoo. Kiswahili chetu kimejaliwa majina: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Ukivuka hapo wazee wenyewe wanaanza kubishana. Kila ngazi ina neno lake, na ukitaka kushuka ngazi moja zaidi inabidi utafute neno jingine. Lakini tuna pia neno "mzao", ambalo halihesabu ngazi. Mtoto wako ni mzao wako, na mtoto wa mzao wako naye ni mzao wako. Basi, umemaliza, hata ziwe ngazi 200. Shikeni hapo, kwa sababu tofauti kati ya "kilembwe" na "mzao" ndiyo historia yote hii.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa anafanya kazi IBM kule San Jose, California, alichapisha makala iliyosema data iwekwe kwenye majedwali, na anayeuliza aseme anataka nini, siyo mashine ifuate njia gani kukipata. Leo tunaona ni jambo la kawaida, lakini wakati ule mwandishi wa programu alikuwa anatembea mwenyewe ndani ya data, rekodi hadi rekodi, kama mtu anayepapasa gizani. Codd alipendekeza lugha mbili, moja ya kialjebra na nyingine ya mantiki ile ile tunayofundishwa darasani, yenye "kila" na "kuna". Mwaka 1972 akaonyesha kwamba nguvu zake ni sawa. Kwa hiyo mantiki haikuja kubandikwa baadaye na wasomi waliokosa kazi. Ilikuwemo tangu siku ya kwanza, na SQL ni mtoto wa nyumba hiyo.

Shida ikaonekana 1979. Alfred Aho na Jeffrey Ullman walithibitisha kihisabati kwamba lugha za Codd haziwezi kusema "mzao". Mtoto zinaweza. Mjukuu pia, unaunganisha jedwali na lenyewe mara moja. Kitukuu, mara mbili. Lakini swali lolote utakaloliandika lina kikomo chake cha ngazi, na nitakuletea ukoo mrefu kuliko kikomo hicho. Si suala la uvivu wa mwandishi, ni lugha yenyewe imegota! Dawa waliyopendekeza ni kuiruhusu lugha irudie hatua yake mpaka pasipatikane jipya.

Wakati huo huo kulikuwa na kundi jingine lililokuja kwa mlango wa nyuma. Ufaransa, mjini Marseille, Alain Colmerauer na Philippe Roussel walikuwa wameunda Prolog mwaka 1972, na Robert Kowalski wa Edinburgh ndiye aliyeeleza namna sentensi za mantiki zinavyoweza kuendeshwa kama programu. Mwaka 1977 Hervé Gallaire na Jack Minker wakawakusanya watu Toulouse kuzungumzia mantiki na hifadhidata, na kitabu cha mkutano kikatoka 1978. Huyo Minker, niwaambie pembeni, alikuwa mtu wa aina yake. Alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya kompyuta Chuo Kikuu cha Maryland, na kwa miaka mingi alipigania wanasayansi waliokuwa wanafungwa au kuzuiwa kutoka Umoja wa Kisovieti. Amefariki 2021.

Ndani ya kitabu kile kuna makala ya Raymond Reiter, Mkanada, ambayo kwangu ndiyo inayogusa maisha kuliko zote. Reiter alizungumzia dhana ya ulimwengu uliofungwa, yaani jambo lisiloandikwa humu na lisiloweza kutolewa humu linahesabika kuwa si kweli. Ratiba ya mabasi inafanya kazi hivyo. Haiandiki "hakuna basi saa 9 usiku", "hakuna basi saa 9 na nusu"... inaandika yaliyopo, mengine hayapo. Inaokoa karatasi nyingi mno. Lakini wadau tunaijua dhana hii kwa jina jingine: orodha iliyobandikwa ukutani. Jina halipo, hela huna. Kuna mtu namfahamu alikaa karibu nusu muhula anakula kwa marafiki kwa sababu karatasi zake zilikuwa bado njiani siku orodha inafungwa. Alikuwa na sifa zote. Kwa mujibu wa ukuta, hakuwa nazo. Ukiandika kwa kanuni inakuwa hivi:

hana_hela(X) :- mwanafunzi(X), si orodhani(X).

Mstari mmoja tu, na ndani yake kuna mtu mwenye njaa. Tutaurudia mstari huu baadaye.

Miaka ya 1980 mambo yakawa moto. Mwaka 1982 Japani ilianzisha mradi wa kompyuta za kizazi cha tano, chini ya taasisi ya ICOT, wa miaka 10, ukiwa umejengwa juu ya programu za mantiki. Wamarekani na Wazungu wakaingiwa na baridi. Kule Austin, Texas, kampuni ziliungana kuunda MCC, ambako ilizaliwa lugha ya LDL. Ulaya kampuni 3, Bull, ICL na Siemens, zikafungua kituo cha ECRC mjini München mwaka 1984, na Gallaire yule yule wa Toulouse akaenda kukiongoza. Stanford wakawa na mradi wao ulioitwa NAIL!, na hiyo alama ya mshangao ni sehemu ya jina, siyo mimi. Fedha zilikuwepo, ushindani ulikuwepo, na jina likapatikana: Datalog, ambalo sifa ya kulitunga hupewa David Maier.

Sasa Datalog ni nini? Chukua Prolog, iondolee kila kitu kinachoweza kuifanya ijenge vitu vipya bila mwisho, bakiza majina na kanuni. Ukoo unaandikwa hivi:

mzao(X, Y) :- mtoto(X, Y).
mzao(X, Y) :- mtoto(X, Z), mzao(Z, Y).

Ile alama ya nukta mbili na kistari isomeni "ikiwa", na mkato usomeni "na". X ni mzao wa Y ikiwa X ni mtoto wa Y. X ni mzao wa Y ikiwa X ni mtoto wa Z, na Z ni mzao wa Y. Imekwisha.

Prolog ingeshika swali na kushuka nalo kutafuta ushahidi, na ukikosea tu mpangilio (ukamtanguliza "mzao" kabla ya "mtoto" kwenye kanuni ya pili) inaweza kuzunguka mpaka kumbukumbu iishe. Datalog kwa kawaida inaanzia chini. Tuseme Asha ni mtoto wa Juma, Juma ni mtoto wa Mwanaidi, Mwanaidi wa Hamisi, Hamisi wa Zuhura. Mzunguko wa kwanza unatoa jozi 4, yaani watoto. Wa pili jozi 3, wajukuu. Wa tatu 2, vitukuu. Wa nne 1, Asha kilembwe wa Zuhura. Wa tano hautoi kitu kipya, mashine inasimama na jozi 10. Na lazima isimame, kwa sababu majina ni yale yale 5 na jozi zinazoweza kutengenezwa nayo zina mwisho. Hakuna kuganda, hakuna kupiga ramli kama itamaliza. Mjanja anaongeza jambo moja: kila mzunguko usirudie kazi ya zamani, tumia jozi zilizopatikana mzunguko uliopita tu.

Mtasema, je nikitaka mababu wa Asha peke yake, kwa nini nihesabu ukoo wa nchi nzima? Swali zuri. Jibu lilitoka 1986 kwa François Bancilhon, David Maier, Yehoshua Sagiv na Jeffrey Ullman, na wao wenyewe wakaliita seti za mazingaombwe. Unaandika upya kanuni zako kwa kuongeza jedwali dogo la "wanaohusika". Mwanzoni yumo Asha tu. Kisha mzazi wa anayehusika naye anahusika. Kanuni za ukoo zinaruhusiwa kumgusa aliyemo humo tu. Kwa hiyo unapata faida ya kuanzia juu, ya kutafuta kinachoulizwa peke yake, huku mashine bado inafanya kazi kutoka chini na bado inasimama. Mimi nilipoielewa hii nilicheka peke yangu maktaba mpaka jirani akaniangalia vibaya, teh teh.

Kilichowatoa jasho zaidi ni neno dogo "si". Kanuni zikiwa na "ikiwa yupo" tupu, hakuna ugomvi. Ukiingiza "ikiwa hayupo", unaweza kuandika hivi: Neema ataenda semina ikiwa Baraka haendi, na Baraka ataenda ikiwa Neema haendi. Nani anaenda? Suluhisho la kwanza lilikuwa kuzipanga kanuni kwa matabaka, umalize kabisa tabaka la chini ndipo la juu liruhusiwe kusema "hayupo". Duara la Neema na Baraka halina matabaka, linakataliwa mlangoni. Mwaka 1988 yakaja majibu mawili mengine karibu kwa pamoja. Michael Gelfond na Vladimir Lifschitz wakasema kuna dunia mbili zinazosimama, ya Neema aende na ya Baraka aende, zote halali. Allen Van Gelder, Kenneth Ross na John Schlipf wakasema hapana, jibu la haki ni "haijulikani" kwa wote wawili. Ubishi wa majibu haya ulijaza mikutano na majarida kwa miaka.

Halafu pumzi ikakata. Mradi wa Japani ulifika mwisho wa miaka yake 10 mwaka 1992 bila kuiteka dunia kama watu walivyokuwa wanahofu. Kampuni za hifadhidata zilikuwa zinauza SQL kama njugu na hazikuona mteja anayeulizia mababu wa Asha. Mwaka 1998 likatoka toleo la tatu la mkusanyiko maarufu wa makala za hifadhidata, wahariri Michael Stonebraker na Joseph Hellerstein. Stonebraker siyo mtu wa mtaani, ndiye baba wa Postgres na baadaye alipata tuzo ya Turing ya 2014. Humo akaandika kwamba hakuna matumizi ya maana ya nadharia hii ya maswali yanayojirudia yaliyoonekana hadi siku ile, na kwamba inasikitisha jinsi wananadharia walivyo mbali na hali halisi. Jamani! Kwa mwanafunzi aliyekuwa katikati ya shahada ya uzamivu juu ya Datalog, nadhani kusoma maneno yale ilikuwa kama kusoma tangazo la msiba wake.

Maoni yangu? Stonebraker hakusema uongo. Alitazama maofisini, benki na mashirika ya ndege, na kweli hapakuwa na kitu. Alichokosea ni mahali pa kutazama, kwa sababu ukoo mkubwa kuliko wote haukuwa wa watu. Ulikuwa ndani ya programu zenyewe.

Fikirieni programu yenye mistari milioni. Thamani inaingia kutoka kwa mtumiaji, inawekwa kwenye kigezo kimoja, kinanakiliwa kwenye kingine, kinapitishwa kwenye kitendo, mwisho inatua kwenye amri inayotumwa kwa hifadhidata. Aliyeingiza kitu kibaya mlangoni anaweza kuvunja nyumba jikoni. Utaijuaje njia hiyo kabla ya mwizi?

sumu(X) :- imetoka_nje(X).
sumu(Y) :- sumu(X), hupita(X, Y).

Mnaiona? Ni mzao yule yule amevaa koti jingine! Mwaka 2004 John Whaley na Monica Lam wa Stanford walichapisha kazi iliyotumia Datalog kuchambua programu za Java, kujua kigezo gani kinaweza kuelekeza kwenye kitu gani, kwa ukubwa ambao watu walikuwa wanaukwepa. Mwaka 2009 Martin Bravenboer na Yannis Smaragdakis wakatoa Doop, ambayo uchambuzi wake wote umeandikwa kwa kanuni za Datalog. Katika jaribio lao moja ilikuwa na kasi zaidi ya mara 15 kuliko Paddle, mfumo uliokuwepo, kwa majibu yale yale. Oxford, mwaka 2006, Oege de Moor alianzisha kampuni ya Semmle iliyohifadhi programu kama hifadhidata na kuiuliza maswali kwa lugha inayogeuzwa kuwa Datalog. GitHub waliinunua 2019, na leo mnaijua kwa jina la CodeQL. Wale mnaoweka kazi zenu GitHub na kupata onyo la usalama asubuhi, huenda mmeshauliziwa mababu wa Asha bila kujua.

Na kuna kichekesho. Yule mhariri wa pili wa kitabu cha 1998, Hellerstein, miaka michache baadaye alikuwa Berkeley anaandika mitandao kwa... Datalog. Kikundi alichokuwemo kilionyesha 2005 kwamba Chord, mfumo unaojulikana wa kutafutana kwa kompyuta zilizotawanyika, unaandikika kwa kanuni 47. Ukifikiria, njia za mtandao nazo ni ukoo: nafika kwa Z, Z anafika kwa Y, basi nafika kwa Y. Mradi wao uliofuata waliuita BOOM. Sio lile letu la kusubiri mwezi ukiisha, tulieni.

Kutoka kwenye mradi huo ndiko lilikotoka jambo ambalo naona ni zuri kuliko yote niliyoandika hapa, na linaturudisha kwenye orodha ya ukutani. Una seva 100, ujumbe unachelewa, mwingine unapita mwingine. Lini seva moja inaweza kutoa jibu bila kuwasubiri wenzake? Mwaka 2010 Hellerstein alitoa dhana inayoitwa CALM, na 2011 Tom Ameloot, Frank Neven na Jan Van den Bussche wakaithibitisha: unaweza kufanya bila kusubiriana pale, na pale tu, ambapo taarifa mpya zinaongeza majibu lakini haziondoi lililokwisha kutolewa. Kanuni za "yupo" hazina shida. Asha akishaonekana kuwa mzao wa Zuhura, hakuna barua itakayochelewa ikaja kumfuta. Lakini kanuni ya "hayupo" haitamkiki salama mpaka uwe na uhakika kwamba kila aliyekuwa na la kusema amesema. Seva ikiwahi kusema "hayupo" wakati karatasi bado ziko njiani, imedanganya, hata kama kila mstari wa programu ni sahihi.

Someni tena ule mstari wa hana_hela mkiwa na hilo kichwani. Anayebandika orodha tarehe fulani saa fulani anatangaza kwamba ulimwengu umefungwa, na hilo si kosa lenyewe, lazima ufungwe siku moja. Ila "yupo" ungeweza kubandikwa tangu asubuhi na mapema, na watu wakaanza kula. Ni "hayupo" peke yake inayostahili kusubiri.

Mnaotaka kujaribu: SQL yenyewe ilikubali yaishe mwaka 1999, kiwango chake kipya kiliporuhusu maswali yanayojirudia. Postgres waliweka 2009, SQLite 2014, MySQL wakasubiri mpaka 2018, miaka 39 tangu Aho na Ullman waseme! SQLite imo kwenye karibu kila simu ya Android, na kwenye kompyuta inawekwa kwa dakika moja. Tengenezeni jedwali la mtoto na mzazi, jazeni ukoo wenu, muulize wazao wa babu. Kwetu nimefika majina 61 na shangazi bado anatuma mengine kwa simu, tena kwa kupiga, meseji hataki.

Maoni yenu hapo chini kama kawaida. Mwenye neno la ngazi inayofuata baada ya kilembwekeza alilete, hapa bwenini tumeshagawanyika makundi mawili.